Namna Nyingi za Kutodumu

Mwaka 1852, huko London, daktari Peter Mark Roget alichapisha kitabu kilichopanga maneno ya Kiingereza kwa kufuata maana badala ya alfabeti. Alikuwa na umri wa miaka 73. Chini ya kichwa kimoja, kinachohusu mambo yasiyodumu, aliyaweka pamoja ‘ephemeral’, ‘transient’, ‘fugitive’, ‘evanescent’ na mengine ya aina hiyo. Tangu hapo wanafunzi wengi wameyasoma kana kwamba ni mtu mmoja aliyebadili nguo tu. Kamusi za lugha mbili nazo huyapa tafsiri zinazokaribiana mno: -a muda mfupi, -a kupita, -siodumu.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba maneno hayo hayatofautiani kwa urefu wa muda. Yanatofautiana kwa namna kitu kinavyoondoka, na kwa kile kinachobaki kikishaondoka. Mfasiri anayehesabu dakika na siku ndani yake hatapata jibu, na wakati mwingine atampotosha msomaji katika jambo zito.

Pa kuanzia ni ‘ephemeral’, kwa kuwa hilo angalau linadai kuwa na kipimo. Asili yake ni Kigiriki, nalo linataja siku: kitu cha siku moja. Aristotle aliandika habari za mdudu wa mto Hypanis, upande wa Bahari Nyeusi, anayeruka hadi jioni na kufa jua linapotua. Mwaka 1758 Linnaeus alilitoa jina Ephemera kwa jenasi ya wadudu hao, na hadi leo wanasayansi huliita kundi zima Ephemeroptera.

Lakini mdudu huyo haishi siku moja. Katika Ziwa Victoria yuko mmoja wao, Povilla adusta. Angali mchanga huishi majini, akitoboa vishimo ndani ya mbao na magogo yaliyozama, akila na kukua. Siku yake ikifika hupanda juu ya maji, hujivua ganda, huruka, hupandana, hutaga mayai na kufa. Mwaka 1955 mtafiti R. Hartland-Rowe alieleza katika jarida la Nature kwamba wadudu hao hutoka kwa wingi siku chache tu baada ya mwezi mpevu. Wakubwa hawali chochote, kwani midomo yao haifanyi kazi tena. Mtu aliyesimama ufukweni huona usiku mmoja wa mbawa na asubuhi yake mizoga. Miezi yote ya chini ya maji haimo katika jina.

Hiyo ndiyo maana halisi ya ‘ephemeral’: kitu ambacho siku yake ni moja, hata kama chenyewe kinaishi zaidi ya siku hiyo. Ndiyo sababu wakusanyaji wa Uingereza huita ‘ephemera’ tiketi, mabango ya tamasha, vibandiko vya sabuni na kadi za mialiko. John Johnson, aliyekuwa mchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikusanya karatasi za namna hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1968 hazina yake ilihamishiwa maktaba ya Bodleian. Leo ina vipande zaidi ya milioni moja. Tamasha lilikwisha usiku uleule. Tiketi ipo bado.

‘Transient’ ni jambo jingine kabisa. Katika Kilatini ni kuvuka, kwenda upande wa pili. Neno hili humweka msemaji mahali fulani, kisha kitu kikapita mbele yake. Wanaastronomia hulitumia kila siku kwa chochote kinachotokea angani na kisha kufifia. Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walitangaza mlipuko wa mawimbi ya redio ulionaswa miaka 6 kabla ya hapo na darubini ya Parkes, Australia, nao ulidumu chini ya sehemu 5 za elfu moja za sekunde. Nyota iliyoonekana ikilipuka Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan ilionekana kwa macho matupu kwa miezi kadhaa. Vyote viwili ni ‘transient’. Hakuna kipimo cha saa kinachoweza kuvijumuisha. Kinachoviunganisha ni kwamba vilitokea vikapita.

Mfano ulio wazi zaidi uko baharini. Katika miaka ya 1970, kwenye pwani ya British Columbia nchini Kanada, mtafiti Michael Bigg na wenzake walianza kutambua orca (nyangumi wauaji) mmoja mmoja kwa picha za mapezi yao ya mgongoni. Waliona makundi mawili. Moja lilikuwa la wakazi, walao samaki. La pili lilionekana mara chache na kutoweka, likaitwa ‘transient’. Baadaye ilidhihirika kwamba hao wapitaji ni jamii ya kudumu yenye njia zake, inayowinda sili na mamalia wengine wa baharini, na majike yake huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Siku hizi wengi huwaita orca wa Bigg, na mabadiliko hayo ni ya haki, maana jina la kwanza lilieleza mahali alipokuwa mtazamaji, si maisha ya mnyama.

‘Fugitive’ ni mkimbizi. Wahifadhi wa sanaa hulitumia kwa rangi zinazokimbia mwanga. Mwaka 1883 Pierre-Auguste Renoir alimchora Madame Léon Clapisson, na picha hiyo imo katika jumba la Art Institute of Chicago. Mandhari ya nyuma yake leo ni ya kijivu na buluu baridi. Wahifadhi walipoiondoa fremu, waliona pembezoni, pale ambapo mbao zilikuwa zimeifunika, ukanda mwembamba wa wekundu mkali. Renoir alikuwa ametumia rangi itokanayo na vidudu vya dungusi kakati, na mwanga uliifuta kila ulipofika. Umbo la mwanamke limebaki, kitambaa kimebaki. Kilichotoroka ni wekundu peke yake. Wataalamu wa tabianchi nao hulitumia neno hilohilo kwa gesi inayovuja visimani na kwenye mabomba, ingawa methani ikishatoroka hukaa angani miaka ipatayo 12.

Kwa ‘evanescent’ kitu hakiendi popote, kinayeyuka palepale. Madaktari hulihitaji neno hili wanapoeleza ugonjwa wa Still, uliopewa jina la George Frederic Still, aliyeandika mwaka 1897 kuhusu watoto wenye uvimbe sugu wa maungo. Homa hupanda, mara nyingi jioni, na pamoja nayo hutokea mabaka mekundu hafifu mwilini. Homa ikishuka, mabaka hayapo, wala hayakuacha alama. Daktari anayepita wodini asubuhi anaweza asione kitu, na juu ya ngozi nyeusi wekundu huo huwa mgumu zaidi kuonekana. Mama anayesema mtoto alikuwa na mabaka jana usiku anapaswa kuaminiwa.

‘Momentary’ lilitoka kwenye kipimo cha kweli: mtawa Bede, mwaka 725, aliigawa saa katika sehemu 40 za namna hiyo, yaani sekunde 90 za leo kwa kila moja. Kipimo hicho kimekufa, neno limebaki.

Neno linalowahusu zaidi wafasiri wa Afrika Mashariki ni ‘transient’ kama linavyotumiwa hospitalini, katika jina la kile ambacho Kiswahili hukiita kiharusi kidogo au kiharusi cha muda. Damu iliyoganda huziba mshipa wa ubongo, kisha huyeyuka au kusogea, na mgonjwa hurudia hali yake. Kuandika kwenye kipeperushi kwamba ni cha muda mfupi ni kumwambia msomaji kwamba jambo limekwisha. Neno la Kiingereza halisemi hivyo. Linasema limepita, na lililopita huweza kurudi. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku 2 za mwanzo. Kwa hiyo anayetafsiri vipeperushi hivyo aandike ‘kiharusi kilichopita’, na mstari unaofuata aueleze wazi: uso kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ghafla, hata hali hiyo ikiondoka baada ya dakika 10, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.