Mguu Usilale kwenye Klachi

Msikilizaji mwenye Subaru Impreza WRX ya gia za mkono, neno hili ni lako. Klachi humalizwa na mguu wa dereva.

Ukikanyaga pedali nusu, diski ya klachi husugua flaiwili. Joto hupanda, diski inaliwa. Gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa hiyo dereva anayepiga resi kisha akaachia pedali ghafla, ili aondoke kwa mbwembwe, matairi yake hayatelezi kirahisi. Kishindo kikubwa hubebwa na klachi. Vijana wa kijiweni watashangilia, lakini fundi halipwi na wao.

Kwenye mlima wenye foleni, usilizuie gari kwa klachi. Vuta hendibreki. Foleni ikigoma, weka nyutro, toa mguu. Na ukiwa mwendoni, mguu wa kushoto ukae sakafuni. Tunarudia: usilale kwenye pedali.

Ukinusa harufu ya kuungua, au injini ikipiga resi bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Lipeleke gari kwa fundi wiki hiyohiyo, kabla flaiwili nayo haijaharibika.