Hospitali yetu isingojee huruma ya wafadhili
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Niemba



Leo nasema juu ya kitu kimoja tu: feza ya hospitali. Nani anailipa, inatoka wapi, inapotelea wapi. Mimi nilisoma uchumi. Diploma niko nayo, kazi sina. Basi muda wa kuuliza maswali ninao wa kutosha.

Tuanze na tunachokijua wote. Mama anafika na uchungu wa kuzaa, au mtoto anafika na malaria, mwili moto. Kabla ya yote, feza. Feza ya karatasi, feza ya vipimo, feza ya dawa. Na ni feza hiyo hiyo ya mgonjwa inayonunua glavu na mafuta ya jenereta. Inayobaki, wauguzi wanagawana. Wengi wao katika nchi hii hawajawahi kuuona mshahara wa Leta, juu majina yao hayako kwenye orodha. Wengine wanapata primu peke yake, nayo inachelewa. Ndiyo maana nasema: tusigombane na muuguzi. Muuguzi na mgonjwa wako upande mmoja. Maskini anamlipa maskini mwenzake, na Leta inaangalia.

Bure tunaijua pia, lakini inakuja na msiba. Vita kati ya Batwa na Waluba ilipoanza 2013, ikazidi miaka iliyofuata, watu waliacha vijiji na mashamba, na mashirika yakaja na hema, dawa na waganga. Kipindupindu kikipanda Kalemie, wanakuja tena. Wameokoa watu wengi, na asante tunawapa kwa moyo wote. Lakini mradi una tarehe ya kuisha, malaria haina. Siku mkataba unaisha, magari yanaondoka na bei inarudi palepale.

Angalieni mwaka 2025. Mwezi wa kwanza, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia mwezi wa saba shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya feza ya misaada ya dharura ya Congo ilitoka kwao. Na mwezi wa pili wa mwaka huo huo Bukavu iliangukia mikononi mwa M23, maelfu ya watu wakakimbia kwa njia ya ziwa mpaka Kalemie. Wagonjwa wanaongezeka, misaada inapungua, wakati mmoja. Mtu anakata neno Washington, na mtu asiyemjua anakosa dawa huku kwetu.

Kuna wanaosema: basi tutafute wafadhili wengine. Wakija, karibu. Lakini kwanza tumuulize mwenye nyumba.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yakatwe palepale yanapokusanywa. Mnamo 2001, kule Abuja, serikali za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Zaidi ya miaka 20 imepita na hatujafika. Ile 40 pia haikatwi kama katiba inavyosema: feza inapanda kwanza Kinshasa, kisha jimbo linangojea kurudishiwa kidogo kidogo.

Sasa ukiuliza, kila mmoja ananyoosha kidole. Hospitali inasema zoni ya afya haijaleta. Zoni inasema jimbo halijatoa. Jimbo linasema Kinshasa haijatuma. Pengine wote wanasema kweli. Pengine mmoja anasema uongo. Sisi hatuwezi kujua, kwa sababu hakuna karatasi hata moja ukutani.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Moja: kila mwezi, kwenye ukuta wa hospitali na wa kila kituo cha afya, ziandikwe hesabu tatu. Leta ilileta ngapi, wafadhili walileta ngapi, wagonjwa walilipa ngapi.

Mbili: bei ya kila huduma ionekane, kwa Kiswahili, ili mtu asiulizwe bei mbili kwa dawa moja.

Tatu: mama aliyezaa asizuiliwe hospitalini kwa deni. Mtoto asianze maisha kama rehani.

Nne: wabunge wa jimbo watuambie, katika bajeti ya Tanganyika, afya iliandikiwa ngapi, na ngapi ilitoka kweli. Kuandika na kutoa ni vitu viwili.

Najua mtu atasema: hata tukiona hesabu, feza haitaongezeka. Ni kweli, karatasi haitibu mtu. Lakini tukiwa na namba, tutajua mlango wa kugonga. Bila namba, tutapiga kelele kwa muuguzi wa zamu, ambaye mfuko wake ni mtupu kama wetu.

Na kazi inaanza hapa hapa. Kila eneo la afya lina kamati ya wakaaji, ile tunaita CODESA. Wengi wetu tunaijua siku ya chanjo tu. Lakini kamati hiyo imewekwa ili wakaaji washiriki katika kuendesha kituo, na kujua kinachoingia na kinachotoka. Vijana tuingie humo. Shomeri anayejua kujumlisha na kutoa ana kazi pale, hata kama mshahara hakuna.

Ninyi wa Kalemie, Bunge la jimbo liko karibu yenu: pelekeni swali la nne kwa maandishi, mchukue nakala yenye muhuri, muitume hapa. Sisi wa Niemba, mwisho wa mwezi huu tunaenda kwenye kikao cha kamati. Bila jiwe, bila matusi. Kila mmoja na daftari na kalamu. Wasipotuonyesha hesabu, tutaandika tarehe, tutaandika jibu walilotupa, na mwezi unaofuata tutarudi tukiwa wengi zaidi.