Askari wa Ndani ya Ngozi: Mazungumzo Kabla ya Siku ya Chanjo

(Maneno haya yalisemwa joshoni. Tumeyachapa kwa ajili ya wale waliokuwa malishoni siku hiyo.)



Kila mwaka tukifika kuchanja, swali ninaloulizwa ni hili: "Ndama wangu alichanjwa, mbona alikufa?" Ni swali la haki. Ndama ni mali, na chanjo ni pesa iliyotoka mfukoni mwako. Lakini siwezi kulijibu kwa neno moja. Kwanza tuingie ndani ya ngozi ya mnyama tuone kinachofanyika humo.

Damu ya ng'ombe ina chembe nyekundu na chembe nyeupe. Nyekundu hubeba hewa. Nyeupe ndizo askari. Hukaa ndani ya damu, ndani ya bandama, na ndani ya matezi, kama yale mnayoyapapasa chini ya sikio na mbele ya bega. Kidudu cha ugonjwa kikiingia, baadhi ya askari hao hukimeza papo hapo. Wengine huenda taratibu: hukisoma sura yake, huzaliana wawe wengi, kisha hutengeneza silaha inayokifaa kidudu hicho tu, si kingine. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili, na mara nyingi mnyama hufa kabla haijakamilika. Akipona, askari wachache hubaki wakiikumbuka sura ya adui, kama ninyi mnavyokumbuka chapa ya ng'ombe wa boma jingine hata miaka ikipita. Adui akirudi, hawasubiri tena wiki mbili.

Chanjo ni kumwonyesha askari sura ya adui mapema, adui mwenyewe akiwa ameuawa au amepunguzwa nguvu. Kwa hiyo chanjo si dawa. Mnyama aliyekwisha kuugua haimtibu, na mnyama aliyechanjwa leo hana kinga kesho asubuhi.

Jambo hili si geni kwa wafugaji. Sehemu nyingi za Afrika, kabla ya sindano kufika, wazee walichukua majimaji ya pafu la ng'ombe aliyekufa kwa homa ya mapafu wakayatia katika chale kwenye ngozi ya ng'ombe wazima. Wengine walivimba vibaya, wengine walikufa, lakini waliopona waliikataa homa hiyo. Akili ilikuwa sahihi. Kipimo ndicho kilichokosekana.

Na sotoka ya ng'ombe? Miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na watu wakafa kwa njaa nyuma yao. Baadaye, kule Muguga nchini Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ambayo ng'ombe akipigwa mara moja inamtosha maisha. Ugonjwa ukasukumwa kutoka nchi moja hadi nyingine, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe haipo tena. Ile ya mbuzi na kondoo bado ipo, msichanganye.

Sasa ndama. Ndama huzaliwa mikono mitupu. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga tumboni mwa mama yake; ndama hapokei. Kinga yake ya kwanza yote iko ndani ya dang'a. Utumbo wake huifungulia mlango kwa saa chache tu: saa sita za kwanza ndizo bora, na ikipita siku moja mlango umefungwa. Akina mama, ninyi ndio mko zizini ng'ombe akizaa usiku. Ndama asiyeweza kusimama, kamua dang'a umnyweshe, usingoje kuche. Hakuna sindano niliyo nayo inayoweza kuziba pengo hilo.

Tuje kwa ndigana kali, kwa sababu ndiyo iliyotuleta hapa. Kidudu chake huletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Ujanja wake ni kwamba hakiwakimbii askari. Kinaingia ndani ya chembe nyeupe yenyewe na kuilazimisha izaliane, na kila inapogawanyika kidudu nacho kinagawanyika. Ndiyo maana tezi la chini ya sikio linavimba mwanzo kabisa. Kisha homa, kisha pumzi inakuwa fupi, povu puani, na ndama amekwenda.

Chanjo yake ni tofauti na nyingine. Tunampa ndama kidudu hai, na papo hapo tunampiga sindano ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu ili kidudu kisimzidi nguvu. Anaugua kidogo, pengine hata huoni, na askari wanajifunza. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa ndama. Mtu akikuambia dozi ya ndama mmoja itatosha wawili, mkatalie, maana hapo umemwambukiza ndama wako kwa mkono wako.

Basi, kwa nini aliyechanjwa hufa? Mara nyingi alikuwa tayari na ugonjwa mwilini. Ndigana kali inaweza kujificha wiki moja hadi tatu baada ya kupe kuuma, na ndama anaruka ruka tu. Au alikufa kwa jambo jingine: chanjo hii haizuii ndigana baridi, wala maji moyo, wala mkojo mwekundu, ambazo zote huja na kupe. Kwa hiyo josho haliachwi. Na wenzetu mnaochunga pamoja na nyati, ninyi nawaambia wazi: vidudu vinavyotoka kwa nyati wakati mwingine huipita chanjo hii. Itasaidia, lakini macho yenu yasilale.

Mzee mmoja aliniuliza kama askari hao wanaweza kumgeukia mwenye boma. Wanaweza. Mnawahamisha ng'ombe nyumbu wakizaa, na mnafanya vyema. Ndama wa nyumbu hutoa kirusi katika ute wa pua na machozi, naye nyumbu mwenyewe haugui. Kikimwingia ng'ombe, chembe zake nyeupe huchachamaa na kuharibu mishipa na nyama za mwili wake mwenyewe. Macho yanakuwa meupe, pua inaoza, na karibu wote hufa. Ndigana baridi nayo ina tabia hiyo: bandama hukamata chembe nyekundu zenye kidudu, na pamoja nazo hukamata zisizo na hatia. Ndiyo maana mkimchinja mnakuta bandama kubwa na damu nyepesi kama maji.

Kwa binadamu pia yapo. Mtoto anayeumwa koo lenye usaha asipotibiwa, kinga yake inaweza baadaye kuushambulia moyo wake na kuharibu milango ya moyo. Mpelekeni zahanati. Msimpe dawa ya ng'ombe, nawaomba.

Sitawaficha madhara ya chanjo. Ile ya homa ya mapafu ya ng'ombe huweza kuleta uvimbe pale ilipochomwa. Ya mapele ngozi huacha kinundu na maziwa hupungua siku chache. Ipo chanjo ya zamani ya homa ya Bonde la Ufa inayoweza kumtoa mimba kondoo, ndiyo maana tunauliza nani ana mimba. Tusipouliza, tuambieni.

Na chanjo zenye vidudu hai, kama ya kimeta na ya homa ya mapafu, huuawa na dawa za kuua vidudu. Ukimpiga ng'ombe oksitetrasaiklini siku hizo, umelipia maji. Ya ndigana kali peke yake ndiyo huenda na dawa hiyo, kwa mpango.

Keshokutwa tunaanza saa 12 asubuhi, kabla ya jua kali. Chanjo ya ndigana kali huja ndani ya mtungi wa baridi kali sana, na mrija mmoja ukishayeyushwa ni wa ndama wengi na hautunziki hadi kesho yake. Kwa hiyo boma zenye ndama wachache wakubaliane kuja pamoja. Mwenye homa, aliyevimba tezi au anayeharisha abaki nyumbani, mtuambie yuko boma gani tumfuate. Atakayechanjwa atavishwa hereni sikioni. Mtazameni hasa kuanzia wiki ya pili, asubuhi na jioni, na akiacha kunyonya tumeni kijana siku hiyo hiyo.