Nchi ya Babu, Lugha ya Bibi



Siku niliyotua Maskati mara ya kwanza, dereva aliyetuchukua uwanja wa ndege alisimama kituo cha mafuta. Akateremsha kioo, akamwita kijana wa pampu: "Rafiq!" Nikafurahi. Nikamwambia shangazi yangu, aliyekuja kunipokea, kwamba kumbe hawa wanajuana. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hapa rafiki si rafiki. Ndivyo wanavyoitwa watu wa Bara Hindi waliokuja kufanya kazi."

Neno ni lile lile. Kiarabu ndicho kilichotupa, na asili yake ni mwenzi wa safari, mtu mnayeshika naye njia moja. Kwetu pwani likapanda daraja, likawa mtu wa moyoni. Kule Ghuba, katika vinywa vya mitaani, likashuka likawa namna ya kumwita kibarua usiyemjua jina. Tangu siku ile sijaacha kulifikiria neno hilo. Ikiwa neno lililotoka mahali pamoja laweza kuachana hivyo, watu waliotoka kwa babu mmoja wakaishi mbalimbali kwa vizazi vitatu au vinne watakutana vipi?

Mhadhara wangu unawahusu watu waliokutana hivyo: Waomani waliozaliwa Afrika Mashariki, waliokwenda kuishi katika nchi ya mababu zao. Wengi mliokaa hapa mna ndugu miongoni mwao. Mimi nimelelewa na barua zao.

Historia ya safari hiyo mnaijua, nami nitaipita upesi. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, aliyahamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akafa safarini baharini mwaka 1856. Mwaka 1861 Waingereza wakaamua shauri la wanawe, na dola moja ikawa mbili: ya Maskati na ya Unguja. Dola ziligawanyika; watu hawakuacha kuja. Kila msimu wa kaskazi majahazi yalileta vijana kutoka Ibra, Nizwa, Rustaki na Sur, wakitafuta riziki katika karafuu, maduka na biashara ya bara.

Vijana hao tuliwaitaje? Wamanga. Manga ni Arabuni. Tunayo pilipili manga, tunalo komamanga, tunaye njiwa manga, na vyote vyatajwa kwa sifa. Lakini Mmanga alikuwa mtu wa kubezwa, hata na Waarabu wenzake waliotangulia, waliokwishapata shamba, nyumba ya mawe na Kiswahili safi. Walimcheka kwa Kiswahili chake kibovu na kwa kulala dukani juu ya magunia. Babu yake baba yangu alikuwa Mmanga. Alikuwa na nasaba moja na matajiri wa Mkoani, kabila moja, wadi moja ya asili, na bibi yangu alituhadithia kwamba hawakumwalika hata kwenye maulidi. Aliyemkalisha barazani, akampa uji, akamfundisha kusema "shikamoo", ni mvuvi wa Kipemba asiyekuwa na tone la damu ya Uarabuni. Binti wa mvuvi huyo ndiye aliyekuja kuwa mama wa ukoo wetu.

Naomba mlikumbuke jambo hilo, maana miaka mia moja baadaye lilijirudia kwa upande wa pili.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliua watu wengi na kuwatawanya wengine wengi. Katika chumba hiki wapo waliopoteza wazazi mwaka ule, na wapo ambao wazazi wao waliona mwaka ule kuwa ndio mwisho wa kudharauliwa. Sitaki kuwapita kimyakimya hawa wala wale. Waliokimbia walikwenda Dar es Salaam, Mombasa, Kairo, Dubai, Kuwait, Uingereza. Wachache mno waliweza kuingia Omani kwenyewe na kutulia, kwa sababu Sultani Said bin Taimur aliifunga nchi yake kwa wageni na hata kwa watu wake waliosoma nje.

Julai 23, 1970 mwanawe, Qaboos, alimwondoa na kutoa mwito kwa Waomani wote waliokuwa nje warudi wajenge nchi. Omani ya mwaka ule ilikuwa na shule 3 tu, zote za wavulana, na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Watu wa Unguja na Pemba walikuwa na madaktari, walimu, makarani, mafundi, na wanawake waliosoma. Walihitajiwa. Wakaja, na pamoja nao wakaja Waomani wa Mombasa, Tabora, Bujumbura, Kigali na Kongo. Wenyeji wakawapa wote jina moja: Zinjibari. Mtu ambaye hajawahi kuikanyaga Unguja, aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika na kusoma kwa Kifaransa, alishuka Maskati akawa Mzanzibari siku hiyo hiyo.

Shangazi yangu alifika mwaka 1975, muuguzi, mwenye miaka ishirini na kitu. Wiki ya pili akapelekwa Ibra kwa jamaa za babu. Walimpokea kwa heshima zote. Wanawake wa mji walikusanyika, ikaletwa tende, ikaletwa halua, na binti akapita na birika la kahawa. Shangazi akanywa finjani yake, akaishika mkononi. Ikajazwa. Akanywa. Ikajazwa tena. Hakujua kwamba ukitosheka unaitikisa finjani kidogo kabla ya kuirudisha, na kwamba kuirudisha bila kuitikisa ni kuomba nyingine. Alikunywa finjani kumi na moja. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu kumsahihisha mgeni ni aibu. Na yeye hakukataa, kwa sababu kukataa cha mwenye nyumba ni utovu wa adabu. Pande mbili zilikuwa na adabu kamili, na adabu ndiyo iliyowatenga. Usiku ule hakulala, moyo ukimdunda kwa kahawa.

Kisha likaja suala la lugha. Alisoma Kurani kwa tajwidi nzuri kuliko wenyeji wake wengi, lakini hakuweza kuuliza choo kiko wapi. Mzee mmoja wa ukoo alimwuliza, kwa upole kabisa, Mwarabu asiyejua Kiarabu ni Mwarabu wa namna gani. Alilia njia nzima kurudi Maskati. Ndipo nikaelewa, aliponisimulia, kwamba alikuwa amevaa viatu vya babu yake: Mmanga wa Pemba na Mzinjibari wa Ibra ni mtu mmoja aliyefika mahali ambapo damu yake inajulikana na yeye mwenyewe hajulikani.

Watu hawa walipata wapi marafiki?

Nyumba za wauguzi alizokaa shangazi zilikuwa na vyumba viwiliviwili. Mwenzake alitoka Bujumbura. Baba zao ni wa makabila tofauti ya Omani, mmoja wa Sharqiya, mwingine wa Dhahira, na huko nyuma makabila hayo yalikuwa hata na vita. Shangazi, Mpemba mwenye majivuno yake, alianza kwa kukicheka Kiswahili cha mwenzake. Yule alikuwa akisema maneno ya bara ambayo Pemba ni matusi. Usiku wa kwanza walikorofishana. Usiku wa pili mwenzake alikanda unga, akachoma maandazi, na harufu ya iliki ikamtoa shangazi chumbani. Wamekuwa mashoga kwa zaidi ya miaka arubaini. Watoto wao wamenyonya kwa wote wawili, na kwa sharia ya dini hiyo imewafanya ndugu.

Hadithi kama hii nimeisikia kwa namna nyingi mno, na imenifikisha kwenye fikira ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Uraia wa Omani hupita kwa baba. Watu hawa walirudi kwa haki ya baba: jina la kabila, shahidi wa nasaba, pasipoti. Lakini ukiangalia ni nani aliyekaa na nani, nani alimzika nani, nani alimkopesha nani pesa za mahari, unakuta uzi mwingine kabisa. Unakuta lugha waliyonyonya kwa mama na bibi, na wengi wa mabibi hao walikuwa Waafrika: Wapemba, Wahadimu, Wanyamwezi, Wamanyema, na wapo waliofika mjini wakiwa watumwa. Nasaba ya baba iliwafungulia forodha. Waliyemkuta akiwangoja upande wa pili ni bibi, katika kinywa cha mtu wasiyemjua anayesema "karibu".

Wapo wanaohuzunika nikisema hivi, kwa kuona navunja heshima ya nasaba. Siivunji. Nasaba ndiyo iliyowafikisha. Nasema tu kwamba katika hesabu za urithi tumezoea kuuandika upande mmoja, na urafiki unaonyesha upande tuliouacha.

Tena urithi huo wa upande wa bibi si wa Wazinjibari peke yao. Katika pwani ya Batina na huko Sur wapo Waomani ambao wazee wao walichukuliwa Afrika kwa nguvu, vizazi vingi kabla ya 1964. Kiswahili kimewapotea, lakini ngoma yao ya lewa bado ina maneno yake, yakiimbwa na watu ambao wengi wao hawajui tena maana. Shangazi aliwahi kuhudhuria arusi moja huko, akalisikia neno la nyumbani ndani ya wimbo, akaliitikia. Mama mmoja mtu mzima akaacha kucheza, akaja kumshika mkono na kumwuliza lina maana gani. Walikaa pembeni mpaka alfajiri. Sijui mfano mzuri zaidi wa watu wa asili moja kukutana, na katika daftari la nasaba wawili hawa hawana uhusiano wowote.

Haimaanishi kwamba urafiki ulifuta kila kitu. Ndoa bado huuliza kufu. Nimewaona vijana waliokua mtaa mmoja huko Al-Khoud, wakala sahani moja, wakacheza mpira timu moja, na siku ya posa mmoja akaambiwa nasaba yake haitoshi. Hili ni jambo la dhuluma, na nalisema hapa kwa sababu nasi tunalo: tunalisema kwa maneno mengine, lakini tunalo. Rafiki humkaribisha mtu mpaka ukumbini. Zipo nyumba ambazo chumba cha ndani hakijafunguliwa bado.

Na nasaba ya juu kabisa nayo haikutosha. Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alikuwa Busaidi, mtu wa ukoo ule ule unaotawala Maskati. Alipinduliwa mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Desemba 10, 1963. Akaishi Portsmouth, Uingereza, katika nyumba ya kawaida, zaidi ya miaka 50, na ruhusa ya kuhamia Omani aliipata mwaka 2020, akiwa na miaka 91. Akafia Maskati Desemba 30, 2024. Mtakalosema kumhusu mtaamua wenyewe, na najua katika ukumbi huu hamtaamua mamoja. Mimi nafikiria nusu karne ile ya mtu mwenye nasaba inayotosha kuandikwa katika vitabu, akingoja kukubaliwa na jamaa zake.

Leo Maskati ina mishikaki inayochomwa kando ya barabara, na wenyeji wanaiita hivyo hivyo, mishkak. Maandazi yanaliwa na watu ambao hawajui yametoka wapi. Wenyeji wengi wana mama au mke Mzinjibari. Lakini watoto na wajukuu wa kizazi cha shangazi wanakisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Shuleni hakifundishwi. Nimekaa na vijana wa aina hiyo. Wanajua "njoo", "kula", "nyamaza", maneno ambayo bibi humwambia mtoto. Hawana Kiswahili cha kubishana wala cha kufarijiana. Wana marafiki, ndiyo, na Kiarabu chao ni safi, na hakuna anayewauliza ni Waarabu wa namna gani. Nafurahi kwa ajili yao. Nalihuzunikia daraja la Kiswahili.

Kwa hiyo nina ombi kwa chuo hiki. Tunapokea kila mwaka wageni kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kujifunza Kiswahili. Wajukuu hawa wa Omani nao huja Zanzibar, likizo, wiki mbili, wakitafuta kaburi la bibi katika kijiji ambacho wanajua nusu ya jina lake. Hakuna anayewapokea isipokuwa hoteli na dereva wa teksi. Tuwafungulie darasa. Tuwaweke majumbani, Wete, Chake, Makunduchi, wakae na vijana wenzao, na vijana wetu nao wajifunze kwao lini finjani hutikiswa. Yapo mambo ya 1964 na ya utumwa ambayo wazee wao na wazee wetu hawakuweza kuyasema ana kwa ana. Labda vijana waliokwishakula pamoja wataweza.

Shangazi sasa hawezi kusafiri, magoti. Kila asubuhi baada ya sala humtumia ujumbe wa sauti mwanamke mmoja wa Wete waliyesoma naye chuo cha Kurani, wakiwa na miaka saba, mbele ya mwalimu mmoja na fimbo moja. Yule hana nasaba ya Uarabuni wala hajawahi kupanda ndege. Jana nilikuwa kwake nilipokwenda kuwaarifu wazee habari ya mhadhara huu. Simu ililia, akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akanigeuzia ili nisikie. Shangazi alikuwa anauliza kama mwembe wa uani mwaka huu umezaa.