Nani Maskini, Nani Atanufaika

Ninyi wahitimu wa takwimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho hayo, nisikilizeni.

Kazini mtaulizwa, "Wasaidiwe akina nani?" Utaunda modeli, nayo itakupangia kaya kuanzia iliyo fukara zaidi. Bosi atafurahi. Lakini yeye ameuliza wa kusaidiwa, wewe umemjibu walio maskini.

Katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, vijiji 653 viliingizwa katika jaribio la kugawa fedha. Shirika la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya iliyostahili katika baadhi ya vijiji hivyo, na kigezo kilionekana tangu barabarani: paa la nyasi. Mwenye mabati alirukwa. Vijiji vya kupata vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na utamu wote uko hapo, maana vilivyokosa ndivyo vilivyoonyesha maisha yangekuwaje bila fedha zile. Ukiwatazama waliopokea peke yao, hata uwe na kompyuta kubwa namna gani, hilo hulioni.

Baadaye wanauchumi Johannes Haushofer, Edward Miguel na wenzao walitumia ujifunzaji wa mashine kukadiria mambo mawili: kaya itakuwa na hali gani isipopewa kitu, na fedha zitaibadilisha kiasi gani. La kwanza ni utabiri mliouzoea. La pili ni gumu, kwa kuwa hakuna kaya iliyowahi kupata na kukosa kwa wakati mmoja. Bila ile bahati nasibu wangekuwa wanapiga ramli. (Ramli yenye desimali nne, lakini ramli.) Ukizipanga kaya kwa kila kadirio, orodha hizo mbili hazikulingana: kuwa fukara zaidi hakukumaanisha kunufaika zaidi.

Mimi binafsi singemruka bibi kizee fukara kwa sababu tu jirani yake atazalisha zaidi. Huo ni uamuzi wa haki, si wa hesabu. Ila anayeamua aletewe orodha zote mbili mezani, ajue anachokichagua na anachokiacha.

Mara nyingi hamtakuwa na jaribio kama lile la Siaya. Mtakuta data za mradi uliokwisha zamani. Kabla ya kugusa modeli, ulizeni: nani alipata, nani alikosa, na nani aliamua? Mkiambiwa aliamua chifu, pandeni bodaboda mkamwone. Mwulizeni aliwachaguaje, na majibu yake myaandike kwa umakini uleule mnaoandikia namba.