Sungura Hunywa Maji: Chakula, Banda na Afya ya Sungura wa Nyumbani



Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mjomba aliniletea sungura wawili weupe. Tulikuwa tunakaa Morogoro, na ulikuwa mwezi wa Januari. Kila mtu mzima aliyepita uani kwetu aliniachia onyo lilelile: usimpe sungura maji, atakufa. Nikaamini. Kila asubuhi niliwakatia majani, jioni nikawawekea pumba, na maji sikuweka. Siku ya tisa, saa nane mchana, niliwakuta wamelala ubavu chini ya bati, midomo wazi, wanahema kwa kasi. Mmoja alikufa kabla jua halijazama. Wa pili mama alimlowesha masikio kwa kitambaa, akamwekea maji kwenye kifuniko cha chupa. Alikunywa bila kuinua kichwa, kifuniko kikajazwa tena na tena, na mlio wa ulimi wake ndani ya kile kifuniko ninaukumbuka hadi leo. Aliishi miaka mitano mingine.

Imani ile bado ipo. Ninaisikia kwa watu wenye elimu zao, nami naiheshimu kiasi cha kutaka kujua imetoka wapi. Sungura anayelishwa majani mabichi wakati wa masika hupata sehemu kubwa ya maji humohumo kwenye majani. Unaweza kumwekea bakuli asubuhi, jioni ukalikuta limepungua kidogo sana. Mtu akiyaona hayo miezi mitatu mfululizo, anasema huyu mnyama hanywi. Kiangazi kikiingia majani yanakauka, pumba inaongezwa, na lile tulilojifunza masika linamuua sungura wa kiangazi.

Kwa hiyo naanza na maji. Sungura huhitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 2 anaweza kumaliza glasi nzima kwa siku, na kwenye joto au akiwa ananyonyesha, zaidi ya hapo. Tumia bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua. Lioshe kila siku, maana utelezi unaoshika pembeni mwa bakuli ni makazi ya vijidudu. Akinywea chupa ya kuning'iniza, bonyeza chuchu yake kila asubuhi uone kama maji yanatoka. Chupa iliyojaa lakini imeziba ni sawa na kutoweka maji kabisa.

Tumbo lenyewe

Nikiruhusiwa kufundisha jambo moja tu leo, ningefundisha tumbo la sungura, kwa sababu vifo vingi ninavyoitiwa majumbani huanzia humo, na mara nyingi mikono iliyovianzisha ni yetu wenyewe tunaompenda.

Sungura hana tumbo la kucheua kama mbuzi. Mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mkubwa sana uliojaa bakteria, na hao ndio wanaochachusha majani aliyokula. Yale manyuzinyuzi magumu hayaingii humo. Yanasukumwa mbele na kutoka kama vidonge vikavu vya mviringo tunavyovifagia kila siku. Yaliyochachushwa hutoka baadaye, usiku au alfajiri, yakiwa laini, yamenata pamoja kama kishada kidogo cha zabibu. Haya sungura huinamisha kichwa akayala palepale yanapotoka. Wazazi hunijia na wasiwasi kwamba mnyama wa mtoto wao ana tabia mbaya au ana minyoo. Hana. Anapata vitamini na protini zilizotengenezwa na bakteria wake, na ukimzuia atadhoofika.

Sasa zingatieni mambo mawili. Kwanza, sungura hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Pili, kinachousukuma utumbo wake ni yale manyuzinyuzi. Yakipungua, mwendo unapungua, gesi inajaa, maumivu yanamfanya asile, na kutokula kunazidi kuusimamisha utumbo. Sungura asiyekula kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Majani ndiyo chakula chake, basi. Kati ya kila sehemu kumi za anachokula, nane au zaidi ziwe majani ya jamii ya nyasi, mabichi au yaliyokaushwa vizuri, yaani hei. Kipimo changu ni rahisi: kila siku apate fungu la hei lenye ukubwa wa mwili wake, na lisimwishie usiku. Meno nayo yanataka hivyohivyo. Ana meno 28, yote huendelea kukua maisha yake yote, na yale ya mbele huongezeka karibu milimita 2 kwa wiki. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi saa nyingi. Anayeshibishwa pumba na mkate hana cha kutafuna; magego yanachongoka, yanamkata ulimi, naye anasogelea chakula kwa hamu kisha anakiacha, huku mate yakimlowesha kidevu.

Hei unaweza kutengeneza mwenyewe. Kata nyasi za Rhodes au nyasi laini za kando ya shamba zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kutoa maua, zitandaze juani, uzigeuze mara kwa mara, na siku mbili tatu zinatosha jua likiwa kali. Hei nzuri ina ukijani ndani yake na harufu tamu. Ukiishika ikatoa vumbi la kijivu, au ikinuka stoo, itupe. Usimpe kwa kuwa ni huruma kuitupa. Kuvu lina sumu, na sungura huathirika haraka sana na sumukuvu. Pumba iliyokaa kwenye gunia lenye unyevu iogopeni kwa sababu hiyohiyo.

Kuna mafundisho ya zamani kwamba majani mabichi lazima yanyaushwe kwanza. Kwa maoni yangu kosa haliko kwenye ubichi. Liko kwenye gunia. Majani yaliyokatwa yakashindiliwa, yakashinda humo hadi jioni, huanza kupata joto. Ingiza mkono katikati utalisikia. Yakiliwa hivyo yanachachuka tumboni. Kata kidogo, tandaza kivulini, umpe siku hiyohiyo. Pia usikate mahali palipopuliziwa dawa, wala barabarani wanakopita mbwa.

Pamoja na nyasi, mpe konzi moja au mbili za majani mengine kwa siku: matembele, kishona nguo, mchunga, majani ya karoti. Karoti yenyewe ina sukari nyingi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki, kinatosha, ingawa vitabu vya picha vya watoto vinamchora akiwa na karoti nzima mkononi. Chakula cha vidonge cha sungura kiwe gramu 25 kwa kila kilo ya uzito, kisizidi. Chakula cha kuku asipewe: kina wanga mwingi, nyuzinyuzi chache, na aina nyingine huchanganywa dawa zilizokusudiwa kuku. Majani ya mparachichi ni sumu kwake. Vivyo hivyo majani ya viazi mviringo na ya nyanya, vitunguu vya aina zote, na mnyonyo. Biskuti na chokoleti, ambazo watoto hutoa kwa mapenzi, zinamuumiza.

Na chakula kipya, hata kilicho kizuri, kiingie taratibu kwa siku saba hadi kumi. Bakteria wa tumboni mwake hawabadiliki kwa usiku mmoja.

Banda

Chama cha Uingereza kinachotetea ustawi wa sungura, Rabbit Welfare Association & Fund, kinapendekeza sungura wawili wapate eneo la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1. Najua nyua zetu. Wengi hapa wana kona moja kati ya tanki la maji na ukuta wa jirani. Basi kizimba cha kulala kiwe angalau na nafasi ya kuruka mara tatu na kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa paa, kisha atolewe kukimbia uani saa kadhaa kila siku, asubuhi mapema na jioni, ambapo ndipo huchangamka. Mifupa na utumbo vyote vinahitaji mwendo.

Sakafu ya waya peke yake humchubua nyayo, kwa kuwa miguu yake haina nyama nene za chini kama za paka au mbwa. Kinachomkinga ni manyoya tu. Weka ubao au mkeka upande mmoja, juu yake majani makavu. Paa la bati liwekewe makuti au nyasi juu. Joto likipita nyuzi 28 hivi anaanza kutaabika. Hatoi jasho, hujipoza kwa masikio na kwa pumzi. Chupa ya maji yaliyogandishwa, ikizungushiwa kitambaa na kuwekwa bandani saa sita mchana, imeokoa wengi. Ukimkuta anahema mdomo wazi, fanya alichofanya mama yangu: mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kisha mtafute daktari.

Siafu wameua sungura wengi usiku mmoja, hasa watoto walio kiotani. Inua kizimba kwenye miguu minne, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu. Angalia jani lolote lisiguse ukuta likawa daraja. Nyoka, kicheche na paka wa mtaani wanazuiwa na waya wenye matundu madogo na komeo la kweli. Kamba haitoshi.

Sungura hapendi upweke, kwa hiyo wafugwe wawili. Hapa ndipo tunapopata aibu ya kila mara: "majike wawili" wa sokoni, na baada ya miezi sita wako kumi na moja. Sungura huanza kuzaa akiwa na miezi minne au mitano, mimba huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Kagueni jinsia mapema na kumhasi dume. Akishahasiwa mtengeni na jike kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu bado ana uwezo wa kutia mimba. Jike naye asiyetolewa kizazi yuko katika hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi akifika umri wa miaka minne na kuendelea. Akianza kutoa damu, msiseme ni hedhi, sungura hana hedhi.

Wakizaliwa watoto, mtawakuta hawana manyoya na macho yamefumba. Mama hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kisha huwaacha. Hajawatelekeza. Guseni matumbo yao asubuhi: yakiwa yamejaa kama ngoma, waacheni.

Tena naomba sana: asishikwe masikio. Najua sokoni wanavyombeba. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine uikinge miguu ya nyuma, naye aegemee kifuani kwako. Miguu yake ina nguvu kuliko uti wake wa mgongo. Akirusha teke akining'inia, anaweza kujivunja mgongo mwenyewe.

Maradhi na dawa

Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Akiumwa hujificha, halii wala halalamiki, na siku unayomwona amejikunyata amekwishaumwa siku kadhaa. Ndiyo maana nawafundisha watoto kusoma mavi. Asubuhi, kabla ya shule, angalia vidonge: vikubwa, vya mviringo, vingi, vyenye nyuzi ndani ukivivunja, hapo mambo ni mema. Vikipungua, vikiwa vidogo na vyeusi, au vikiharisha, sema nyumbani siku hiyohiyo. Mara moja kwa wiki mpimeni uzito kwa mizani ya jikoni na mwandike kwenye daftari.

Magamba manene ya kahawia ndani ya sikio ni utitiri. Usiyabandue, yanatoa damu na kumuuma mno. Daktari atatoa ivermectin kwa kipimo cha uzito, na magamba yatadondoka yenyewe. Upele wa puani na miguuni husababishwa na utitiri wa aina nyingine, na huweza kuwawasha watoto wanaomshika. Msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala kumpaka dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil. Hiyo inaua sungura.

Koksidia huwakamata zaidi wadogo walioachishwa kunyonya: kuhara, tumbo kubwa, mgongo unaochongoka. Mayai ya vijidudu hivyo yanahitaji unyevu na siku kadhaa ili yawe na nguvu ya kuambukiza, kwa hiyo kufagia kila siku na kukausha sakafu ni tiba kabla ya tiba.

La mwisho linaniumiza kulisema. Jirani yangu alikuwa na sungura mwenye mafua. Miguu yake ya mbele ilikuwa imegandamana manyoya kwa kufuta pua. Alishauriwa dukani ampe amoxicillin ya maji, ile ya watoto. Pua ilikauka siku ya pili. Siku ya tatu akaanza kuhara, ya nne akafa mikononi mwa binti yake. Dawa ilikuwa imeua bakteria wema wa ule mfuko wa utumbo. Amoxicillin, ampicillin na penisilini za kumeza, pamoja na clindamycin na lincomycin, sungura asipewe. Ziko antibiotiki anazoweza kustahimili, na daktari anazijua. Andikeni majina haya kwenye karatasi, mbandike ndani ya kabati la dawa nyumbani.

Baada ya chai tutatoka chini ya mwembe. Kuna sungura wanne na mizani mbili. Kila mmoja atamshika mmoja kwa namna niliyoeleza, ataangalia meno ya mbele, masikio, nyayo na chini ya mkia, kisha atamtambua kama ni dume au jike na kuandika jibu lake kwenye karatasi bila kuangalia la jirani. Ndoo ya maji na sabuni viko karibu na mlango. Tunanawa kabla na baada. Na hao wanne wamekwishawekewa maji.