Mbio za Sadaka Siku za Baridi



Mbio zetu za kuwachangia yatima zitakuwa mwezi wa Julai, wakati sakitu ya Njombe ingali juu ya majani asubuhi. Wengi huogopa kuanza; mimi nachelea zaidi kumaliza. Maana akimbiaye hujipasha moto mwenyewe, walakini akisimama hali amelowa jasho, baridi humwingia upesi. Mwaka jana nalimkuta kijana nje ya kanisa akingoja zawadi, anatetemeka, asiweze kutamka jina lake. Blanketi hatukuwa nalo hata moja. Kosa langu: nalikuwa nikihesabu sadaka.

Huko Gansu, nchi ya China, tarehe 22 Mei 2021, mvua ya baridi na upepo viliwakuta wakimbiaji 172 milimani, wakafa 21. Sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo, aliyewaingiza pangoni akawawashia moto.

Basi walimu, wekeni moto, uji na mablanketi mahali pa kumalizia. Kila mmoja abadili nguo kabla hamjampa mkono. Tena mmoja wenu afuate nyuma kabisa kwa baiskeli, asimpite yule wa mwisho. Na mvua ikinyesha, tutaahirisha, hata kama Baba Askofu amekwisha kuwasili.